Koti la Marehemu Lilipombana Mpelelezi

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi, bani la baba la kukaushia tumbaku liliungua kule Goweko. Liliungua na tumbaku yote ya msimu, na mbao za paa, na godoro alilokuwa akilalia baba akilinda moto. Baba alitoka mzima, ila hakuwa tena mtu yule. Alikaa mlangoni karibu mwaka mzima anatazama jivu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na shule yangu ikaishia hapo. Anayedhani nasimulia haya ili anihurumie, aikunje karatasi hii atafute kazi ya kufanya.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana wa mavazi mliobaki mmeniambia, "Mama Agripina, tuandikie ulivyopanda." Sikupanda popote. Nilikaa kwenye kiti kimoja zaidi ya miaka hamsini nikishona, wengine ndio waliokuwa wanapanda na kushuka mbele ya macho yangu. Nitakayoandika ni kazi.

Shangazi alinichukua kwa treni hadi Tabora mjini, akaniweka kwenye baraza la Mzee Hemedi, fundi wa kanzu na makoti karibu na soko. Siku ya kwanza hakunipa sindano. Alinipa koti kuukuu la mteja, akaniambia, "Niambie mwenye koti hili ni nani."

Nikatia mkono mfukoni nikakuta vumbi la chaki. "Ni mwalimu."

"Chaki hata kipofu angeipata. Tazama koti, usitazame mifuko."

Nikalitazama mpaka muadhini akaita adhuhuri. Sikuona kitu. Ndipo akanionyesha bega la kushoto, limechujuka na kulainika kuliko la kulia. "Huyu ana mtoto asiyetembea," akasema. "Anambeba kila siku bega hili hili." Jioni mwalimu akaja kuchukua koti lake, na mtoto begani. Bega la kushoto.

Tangu siku hiyo sijawahi kuiona nguo kama kitambaa kitupu. Naona aliyeivaa. Ninyi mnaonunua shati jipya dukani mkamvalisha mwigizaji anayeigiza mkulima, mnanichefua, na nimewaambia hivyo mara nyingi uso kwa uso. Shati la mkulima huisha mgongoni kwa jua na kwapani kwa jasho, na upindo wa mbele huisha kwa kufutia mikono. Chukua tofali, lisugue. Chukua majani ya chai, chemsha. Jivu lipo kila nyumba.

Mzee Hemedi alipofariki aliniachia cherehani yake ya kukanyaga. Nilishona sare za shule, nikashona majoho ya kwaya, na Ijumaa Kuu moja parokia wakaniomba nguo za mchezo wa Mateso. Pilato nilimshonea pazia la sebuleni kwangu. Watu walilia, na sidhani walilia kwa ajili ya pazia, lakini mtu mmoja mwenye kamera ya video alikuwapo, akaniuliza kama naweza kuvalisha filamu. Nikamwambia naweza. Sikujua filamu inavalishwaje. Ukiulizwa kama unaweza, unasema ndiyo, kisha unakwenda kujifunza kabla hajarudi.

Nilichojifunza ni kwamba filamu hawaipigi kwa mpangilio. Leo wanapiga mazishi, kesho wanapiga harusi ya huyo huyo aliyezikwa, na shati lazima lifanane na la siku ile. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi kuandika kulinichelewesha, basi nikatunga njia yangu: kila mwigizaji ana uzi wake mrefu, na kila tukio nafunga fundo na kipande cha nguo aliyovaa. Kifungo kimoja kimefunguliwa, fundo moja dogo pembeni. Matope, naupaka uzi matope. Walinicheka. Halafu daftari la mmoja wao likalowa mvua ya Machi pale Nzega, wakaja kwangu kuuliza bibi harusi alivaa nini. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia, zimekauka, na majibu yote yapo.

Filamu nilizovalisha ni nyingi, sikuzihesabu. Jina langu halikutokea hata kwenye moja. Mwisho wa filamu majina yakipita, palipoandikwa "Mavazi" paliwekwa jina la mtu mwingine. Mara moja liliwekwa la mke wa mwenye kamera, mwanamke ambaye sijapata kumwona ameshika hata pini. Nikiuliza, naambiwa, "Mama, wewe hukusoma, jina la nini?" Jibu hilo nililimeza, lakini halikushuka.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Tatu alipokuja.

Tatu ni mwongozaji, mwanamke kijana kutoka Dar, Mzaramo wa damu. Alikuwa amepewa na kituo kimoja cha televisheni nafasi ya kutengeneza tamthilia ya sehemu saba kutoka kwenye kitabu cha zamani cha Wazungu, cha mauaji na upelelezi. Jina la kitabu sitaji, maana wapo ambao hawajakisoma, wasije wakanilaumu. Alikuja barazani kwangu, akanishikamoa, nikamwitikia, akauliza kama mimi ndiye mama wa nyuzi.

"Ndiye. Na wewe ni kabila gani?"

"Mzaramo, mama."

"Basi salamu yako nairudisha. Mtani haniamkii, mtani ananibebea maji."

Akacheka, hakuchelewa. "Kubeba ni kazi yenu, wapagazi. Pembe nani alizibeba toka huku hadi pwani? Mimi?"

"Nyie mlikuwa mmelala chini ya mnazi mnangoja tufike ili muamke!"

Msomaji asiye wa huku aelewe. Enzi za misafara, Mnyamwezi akishuka pwani na mzigo kichwani, Mzaramo alikuwa mwenyeji wake. Akifia huko bila ndugu, Mzaramo ndiye aliyemzika. Kutokana na hapo sisi Wanyamwezi na Wazaramo tukawa watani. Mtani anakutukana, anachukua kuku wako, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Shikeni hilo, ndilo lililokuja kutuokoa.

Nikamwambia Tatu sharti langu ni moja: jina langu kwenye kioo, palipoandikwa "Mavazi". Akanishika mkono. "Ikirushwa, mama, jina lako litakuwepo. Nisipoliweka, njoo Dar unichape." Neno lilikuwa hilo, *ikirushwa*. Sikulitia maanani.

Alinisomea kitabu chote nikiwa nashona. Tajiri mzee kapewa sumu kwenye jumba lake, theluji nje, watu wote wamefungiwa ndani, na mpelelezi anawahoji. Nilijua muuaji kabla hatujafika katikati, na Tatu hadi leo haamini. Kitabu kilitaja kwamba mtu fulani amevaa glovu asubuhi na mapema ndani ya nyumba. Ni nani anavaa glovu ndani ya nyumba?

"Ndiyo shida yetu sasa," akasema Tatu. "Tabora nani anavaa glovu?"

"Mrina asali," nikamwambia. "Wa siku hizi, aliyepewa vifaa na mradi."

Akaacha kusoma, akanitazama. Sumu ikatoka kwenye mvinyo ikaingia kwenye asali. Tajiri wetu akawa Mzee Kasele, mfanyabiashara wa asali na tumbaku, anayelamba kijiko cha asali kila asubuhi kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Muuaji akawa shemeji yake mrina asali, kaka wa mkewe, yule aliyelia msibani kuliko wote. Theluji ikawa mvua ya masika iliyokata barabara. Nyumba tuliipata nje ya mji, tembe la zamani lenye kuta nene za udongo, kando ya njia walikopita wapagazi. Mpelelezi Tatu alimfanya sajini mstaafu wa polisi kutoka pwani, na akamwajiri Mzee Salumu amwigize, Mzaramo mwenzake, mwigizaji mkongwe, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Marehemu nilimvalisha koti zito la sufu nililolichambua mitumbani siku nne. Mwigizaji wake alikuwa mzee mwembamba. Niliuchakaza mfuko wa kulia kwa sababu ndimo alimokuwa anaweka kijiko, na mdomo wa mfuko nikaupaka nta kidogo. Hakuna mtazamaji atakayeiona nta hiyo. Mimi najua ipo.

Sehemu sita zilikwenda vizuri. Ya saba ilituua.

Kwenye kitabu, mwishoni mpelelezi anawakusanya wote sebuleni, wanakaa kwenye viti, naye anazungumza nusu saa nzima akieleza nani alifanya nini. Tatu akapiga hivyo hivyo. Siku moja akatuonyesha kwenye ukumbi wa parokia, na majirani wa lile tembe wakaja. Mzee Salumu alipofika katikati ya maelezo yake, Bibi Nyanzala, bibi kizee wa nyumba ya pili, akauliza kwa sauti, "Sasa huyo muuaji si aage anakwenda chooni, apotee zake?"

Ukumbi ukacheka mpaka Tatu akazima.

Wiki ile ile wakubwa wa televisheni wakampigia simu. Nilikuwa karibu, nikaona uso wake. Akakata simu, akakaa juu ya sanduku langu la nguo.

"Wamesema nini?"

"Wamesema sehemu ya saba haiaminiki. Wamenipa siku kumi nipige upya. Wasipoipenda, hawarushi hata moja."

"Hata zile sita?"

"Tamthilia ya mauaji bila mwisho, mama, nani atairusha?" Akafuta macho kwa kanga. "Kazi yangu ya kwanza, na ndiyo itakuwa ya mwisho. Na jina lako nilikuahidi."

Moyoni nililiona jina langu linapotea kama bani lile na moshi wake.

Siku tatu walikaa na skripti wakibadilisha maneno. Maneno yalikuwa mazuri tayari, kasoro ilikuwa viti. Siku ya nne asubuhi nilianika koti la marehemu uani lipate jua. Mzee Salumu akapita na kikombe cha chai, akaliona, akalivaa. Lilimfika nusu ya mgongo, mikono ikaishia chini kidogo ya viwiko. Akaanza kutembea kama marehemu, mabega mbele, akawaendea wapishi wetu.

"Wake zangu! Nimekufa siku tatu tu, tayari mnakula nyama? Na wewe," akamgeukia yule anayeigiza shemeji, "acha kulia, ulininyima shuka nilipokuwa na homa!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Wapishi wakamtupia maganda. Yule wa shemeji alicheka kuliko wote, akamjibu, "Rudi kaburini, shuka utaikuta huko!"

Nikasimama na pini mdomoni. Huyu alicheka kwa sababu hakuua mtu. Aliyeua angecheka vipi?

Nikamwita Tatu. "Mwanangu, wewe Mzaramo kweli au umejiandikisha tu?"

"Mama, leo si siku ya utani."

"Leo ndiyo siku yake. Marehemu wako ni Mnyamwezi. Mpelelezi wako ni Mzaramo. Siku ya kuanua matanga mtani anafanya nini?"

"Anavaa nguo za marehemu," akasema polepole. "Anamwigiza."

"Na waliofiwa?"

"Hawaruhusiwi kukasirika." Akasimama. "Wala kuondoka."

"Basi mmeweka viti vya nini?"

Alinikumbatia, pini zikamchoma, hakuhisi. Mpaka mchana aliandika mwisho mpya. Matanga yanaanuliwa, watu wote wapo uani, na hakuna anayeweza kuaga kwenda chooni akapotea, maana msibani kila jicho linakutazama. Mpelelezi anatokea amevaa koti la marehemu. Anamtania mjane, anawatania majirani, watu wanacheka na kulia. Kisha anachukua kibuyu cha asali, anatoa kijiko mfukoni, na kuwapitishia: "Lambeni asali yangu mnikumbuke." Ni asali safi ya jikoni, lakini hilo analijua yeye peke yake, na kwamba sumu ilikuwa kwenye kibuyu hicho anajua yeye na muuaji tu. Kila mtu analamba, maana cha mtani hakikataliwi. Kibuyu kinamfikia binti wa shemeji.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na naliandika kwa sababu ninyi mtalifanya.

Niliona haya kwa lile koti kumbana Mzee Salumu. Fundi wa Mzee Hemedi atoe koti lisilomfika mtu kifungoni, mbele ya nchi nzima? Nikalifumua. Nikateremsha upindo, nikatoa kitambaa cha ndani ya kola, nikaunga ubavuni kwa mishono ambayo hata mimi niliitafuta nisiione. Kazi ya siku nzima. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani, nasema bila aibu.

Kesho yake majirani wamejaa uani kama waombolezaji, Bibi Nyanzala mstari wa mbele. Tatu akasema, "Akisheni!" Mzee Salumu akatoka ndani ya tembe.

Hakuna aliyecheka.

Akasema maneno yote, akatembea kama marehemu, akapaza sauti. Watu wakamtazama tu. Bibi mmoja hata akamwamkia. Tatu akasema, "Kata!" akaja, akamzunguka Salumu, hakuelewa. Salumu ndiye aliyenigeukia.

"Mama, umenivalisha kama bwana harusi. Watu wanadhani nimekuja kurithi nyumba."

Nikaelewa, na masikio yakawaka moto. Mtani huvaa nguo isiyomfika ili kila mtu ajue si yake. Koti likimkaa vizuri, anakuwa tajiri mpya. Ufundi wangu ulikuwa umeua utani wote.

"Nipe saa mbili," nikasema.

"Mama, jua litahama."

"Nipe saa moja na nusu, na usisimame mbele ya mwanga wangu."

Nikafumua kazi yangu nzuri kwa wembe. Sikuitazama. Nikarudisha ubavu ulivyokuwa, na kwapani nikapiga mshono mmoja tu mrefu wa kushikiza, uzi dhaifu. Nikamwambia Salumu, "Ukimnyooshea mtu kidole, nyoosha kweli."

Akatoka mara ya pili. Koti limembana mpaka shingo imevimba. Kabla hajafungua mdomo, uani wakaanza kucheka. Akamnyooshea mjane kidole, kwapa likapasuka *praaa!* na Bibi Nyanzala, ambaye hakupewa neno hata moja la kusema, akasimama.

"Marehemu! Umekufa na jembe langu! Liko wapi jembe langu?"

Mzee Salumu hakutetereka. "Ninalo huku, mayu, mama yangu. Nalimia. Njoo ulichukue!"

"Siji ng'o! Baki nalo!"

Hayo hayakuandikwa popote. Kamera ilikuwa inakwenda. Watu walicheka kicheko cha msibani, kile chenye machozi ndani yake. Kibuyu kikaanza kupita. Mjane akalamba. Bibi Nyanzala akalamba, akaomba tena. Kikafika kwa binti, msichana wa miaka minane hivi kwenye hadithi, akatia kidole, akakipeleka mdomoni.

"Usile!"

Shemeji alimpiga mkono, asali ikaruka ikatua kwenye koti. Uani pakawa kimya, kimya cha kweli, hata kuku walisikika. Mzee Salumu, ndani ya koti lililopasuka, akamwuliza kwa upole, kwa sauti ya marehemu, "Kwa nini asile, shemeji?"

Basi. Neno moja la swali, mahali pa nusu saa ya maelezo.

Tatu alisahau kusema "Kata." Alisema Bibi Nyanzala: "Ndiye huyo! Mshikeni!" na wanaume wawili wa kijijini wakamkamata mwigizaji wa watu kweli kweli. Tulipowatoa alikuwa hana kifungo hata kimoja. Nikamshonea vyote, sikunung'unika.

Wakubwa wa Dar waliiona siku ya tisa. Simu ilipoingia Tatu aliniwekea sikioni mwangu. Mwanamume mmoja akasema, "Hiyo ya mtani, nani aliitoa?" Nikamwambia, "Mimi. Agripina. Darasa la tatu, Goweko." Akacheka, akasema tamthilia yote itarushwa.

Siku ya sehemu ya saba nilikwenda Goweko. Niliiangalia kwenye ukumbi wa chama cha ushirika wa tumbaku, hatua chache kutoka pale bani la baba lilipokuwa. Shemeji alipopiga kelele, mama mmoja nyuma yangu akamvuta mwanawe kifuani. Majina yakaanza kupita. Yanapita haraka, waliosoma wanayawahi, mimi siyawahi. Lakini lile niliwahi. *Mavazi: Agripina wa Goweko.* Likapita, na chini yake likaja tena, peke yake: *Wazo la mwisho wa hadithi: Agripina wa Goweko.* Tatu hakuniambia kuhusu la pili.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikawaambia watazame mbele, bado majina ya watu wengine.

Leo nina cherehani ya Mzee Hemedi, inashona. Nina cherehani ya umeme, siipendi. Nina nyumba ya vyumba vinne Tabora mjini, bati jipya. Nina ekari tano Goweko, nne za mahindi na moja ya karanga. Tumbaku silimi. Nina mizinga kumi na miwili ya nyuki. Nina mkasi mmoja ambao hakuna anayeruhusiwa kukatia karatasi. Nina sanduku la nyuzi za kila mtu niliyewahi kumvalisha, na fundo la kila tukio. Nina mtani mmoja Dar anayenipigia simu kila Jumapili kunitukana. Na nina koti la sufu, limepasuka kwapani, lina doa la asali kifuani. Wengi wameniomba nilishone. Sishoni.